Kibuyu cha Mama

Kibirichia, Jumamosi

Nimempa, na sasa nina wasiwasi.

Dada yangu Karimi alikuja kuomba kibuyu cha uji wa posa ya mjukuu wake. Uji wa posa haubebwi kwa jerikeni, hilo hata mimi nalijua.

Lakini vibuyu vyangu kumi vya ukutani nilivipaka vanishi ili wadudu wasivile. Karimi alinusa kimoja, akacheka. "Mwalimu, unataka wakwe wanywe rangi?"

Kilichobaki ni cha mama, na kina ufa shingoni. Nilimweleza polepole kwamba kikitiwa uji kinaweza kupasuka, nasi hatuna kitu kingine alichotuachia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kikipasuka tutakishona. Kwani hizi nyuzi za shingoni ni za nini? Mama alikishona mara mbili, mimi nikiwa nimemshikia."

Miaka yote hii, katika daftari langu la vibuyu, nyuzi hizo nimeziandika "mapambo".

Ameondoka nacho mgongoni. Ule ufa bado unanitia hofu. Hata hivyo nimelikata neno "mapambo" na kuandika: "Kilishonwa na mama, kwa sababu alikitumia."