Mjukuu Usiyemjua

Dilala, Kolwezi
Aprili 1993

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo, wewe na baba na wote wa nyumbani Kamina. Mguu wa baba umepona? Mihogo imestahimili mvua? Mimi mwili ni mzima, ila roho haitulii. Hata sasa vijana wanapita barabarani na filimbi zao, nami naandika nikiwa nimefunga madirisha yote.

Nadhani habari za huku zimewafikia. Wakasai wanafukuzwa. Watu waliozaliwa hapa hapa, ambao baba zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, leo wanaitwa bilulu, yaani wadudu, na nyumba zao zinachukuliwa na majirani waliokula nao sikukuu. Maelfu wanalala stesheni wakingoja mabehewa. Naogopa hata kupita karibu na huko, Mama, na bado niliingia.

Unaijua kazi yangu pale parokiani, na watoto wasiosema au wasiotazama watu machoni. Kila mara nabishana na wazazi: si uchawi, si laana, msimpeleke kwa wale wanaofunga watoto kamba na kuwaombea. Ndivyo kichwa chake kilivyoumbwa. Kelele ambayo kwako ni ndogo, kwake ni kama sufuria inayopigwa sikioni. Wengine wananicheka. Mama Tshibola alinisikia kuliko wote. Yeye na mumewe, mwalimu Mukendi, ni Wakasai, na binti yao Mushiya, wa miaka sita, hajawahi kutamka neno.

Juma lililopita Tshibola alituma mtu kuniita stesheni. Nilimkuta Mushiya anajigonga kichwa ukutani kwa sababu ya makelele. Mama yake aliniambia mtoto hatafika hai katika behewa lile, akaniomba nikae naye mpaka watakapopata mahali. Nilikubali kabla sijafikiri.

Wakati wa kurudi tulikuta kizuizi. Vijana wale wa filimbi walimwamuru kila mtu asalimie kwa lugha ya kwao, wapate kuwatambua Wakasai kwa matamshi. Mimi nilisalimia kwa Kiluba chetu. Mushiya alinyamaza. Walisema anaficha Tshiluba chake, lugha ya Kasai, na mmoja akamshika mkono. Wenzake wakapiga filimbi. Mtoto akaziba masikio, akaanza kuyumba huku akiguna.

Mama, hapa nakuomba usikasirike. Tangu utoto ulinifundisha kukalia mikono yangu wageni wakija, na kuwatazama katikati ya nyusi ili waone nawatazama machoni. Nilijifunza vizuri, hata kazini hawajui. Mimi ni kama Mushiya. Masista walionifundisha kazi wana jina la watu kama sisi, autiste, na siku nilipolisikia nililia kwa furaha. Nawatetea watoto hawa mbele ya kila mtu, lakini sijawahi kusema kwamba mimi ni mmoja wao. Pale kizuizini niliogopa hadi nikajikojolea, na nguvu za kujificha zikaniishia. Niliziba masikio, nikayumba na kuguna pamoja naye. Vijana wakacheka sana. Mkubwa wao akasema, “Muache, ni mutoto yake. Angalia, banafanana kabisa.”

Akaniuliza kama ni kweli. Nilisema ni wangu, nilimzaa huko kwenu bila mume, na jina lake ni Numbi, jina lako.

Wakatuachia tupite, na mtoto niko naye hapa. Lakini huyo mkubwa ana shangazi yake Kamina, na ameahidi kumtuma kwako ahakikishe. Najua baba ni mzee wa kanisa. Najua watakavyotusema. Sina njia nyingine. Akija, mwambie ulimpokea mtoto kwa mikono yako mwenyewe. Ukisema humjui, watamchukua, na mimi pamoja naye.

Sista Odile ataibeba barua hii ndani ya kitabu chake cha sala. Ukimaliza kuisoma, ichome. Msalimie sana baba, na umwambie taratibu.

Ni mimi binti yako,

Valérie
Mama Numbi