Baba Alipoona Haya Kutembea

Mjukuu wangu Kapinga,

Sisi huku Lubumbashi tuko salama. Mama yako amepona malaria, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kwa nini daktari anayekutibu sukari anakagua mishipa ya miguu yako.

Kampuni ya migodi ilipoanguka, nami nimetoka tu chuo kikuu, baba yangu, mmoja wa mabosi wake, alinyang'anywa gari la kazi. Aliona haya kuonekana akitembea kwa miguu, akabaki kitini. Sukari ikampata, nyayo zikafa ganzi. Daktari alitueleza kwamba mwili usipoitikia insulini, sukari hujaa katika damu na kuumiza mishipa. Nayo mishipa iliyoumia hushindwa kufikisha insulini kwenye misuli, hivyo sukari huzidi. Kutembea huifanya misuli itumie sukari hiyo na damu ipite vizuri.

"Papa, utembee," daktari alimwambia Baba, "ao tutakata muguu."

Baba akavaa suti na tai, akabeba jembe ili adhaniwe anakwenda shambani Kasungami. Vijana wa mtaa wakacheka.

"Shefu, motoka iko wapi? Leo uko mulimi wa kravati?"

Mimi, msomi wa familia, niliyekuwa nikimsindikiza, niliinamisha uso. Baba alitokwa jasho la aibu, lakini hakurudi nyumbani. Na kesho yake alitoka tena.

Tulimzika akiwa mzee sana, na miguu yake yote miwili.

Kambo wako, babu anayekupenda