Matanga ya Papa Placide Bado Hayajaondolewa

Mwaka umetimia, Papa, baba yetu, tangu ulale mchana pale nyumbani Nyalukemba usiamke tena. Tunasema nawe leo kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno, na wewe hukupenda kimya isipokuwa ukiwa umeinamia ramani zako.

Wewe, Colonel Placide Akonkwa, ulikuwa askari wa état-major, makao makuu ya jeshi, mtu wa penseli. Wengine walipiga risasi; wewe ulitafuta pa kupita. Siku moja vijana wako wa jeshi walizingirwa msituni, ng'ambo ya Luhwindja, na ramani haikuwaonyesha hata kijia. Ukawauliza akina mama wanaobeba unga kwenda kwenye machimbo ya dhahabu: "Bamama, munapitaka wapi kama kuko mvua?" Wakakuonyesha. Vijana wakatoka wote, ukavishwa medali. Lakini ukisimulia, sifa zote uliwapa wale mama, na majenerali wako hukuwakumbuka kabisa.

Kazi ile haikukutoka hata baada ya kustaafu. Kwenye harusi uliketi karibu na mlango, na ugenini uliuliza kwanza mlango wa nyuma uko wapi. Tonton Lucien, mdogo wako, alikuchokoza wewe kaka yake kila mara: "Yaya, tulikuya kula ao kukimbia?" Ulicheka sana, ila kiti hukuhama.

Halafu mji ukafungwa na vita, na sisi ndani. Majirani walishika njia ya ziwa, wakakimbia. Wewe miguu ilikuwa imevimba na moyo umechoka, na Maman hakukubali kukuacha. Uliketi kitandani ukatuchorea kila barabara, kisha ukazifuta moja moja. "Batoto, leo sioni njia," ulisema, na hilo lilitutisha kuliko milio ya nje. Tenue zako za jeshi ukaziunguza mwenyewe kwenye makaa, na picha zote ulizopigwa ukiwa umezivaa, ili tusije tukaulizwa. Ndiyo maana kwenye picha ya tangazo hili unaonekana na shati la kanisani. Medali haziungui, ziko, na tusiseme zaidi.

Ulitaka kulala Katana, kando ya kaburi la mama yako. Tusamehe, Papa. Hatukuweza kupitisha jeneza, tukakuzika hapa hapa mjini, tukiimba kwa sauti ya chini. Ilituuma, na bado inatuuma.

Sasa kuna jambo linalotubana. Kwetu, mwaka ukitimia, mtoto wa kwanza ndiye anayemvua mama yake nguo nyeusi, na hapo matanga yanaondolewa. Mtoto huyo ni Gentil. Alishika kazi yako, yuko upande wa pili wa mstari wa vita, na mtu wa kazi hiyo hawezi kuvuka kuja huku. Tangu Pasaka simu yake haiingii.

Juma lililopita familia iliketi. Tonton Lucien akamgeukia Maman, akasema, "Valérie, mwaka imeisha. Joviale akutoshe ile nguo nyeusi, na yeye iko mutoto yako."

Maman alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. "Nikitosha nguo bila Gentil, njo kusema nimemuzika na yeye. Siwezi zika mutu mwenye iko muzima."

Tonton akavaa kofia yake.

Basi Jumamosi itakuwa misa peke yake. Ndugu na marafiki wasilete vinywaji, na ngoma tuziache kwanza.

Utamwona Maman kanisani amevaa nyeusi, Papa. Usijivune ukadhani bado analia kwa ajili yako. Wewe tumekulilia, tukamaliza machozi. Nguo ile anaivaa sasa ili mwanao aendelee kuhesabiwa kati ya walio hai.

Hutatutoka moyoni, siku zote za maisha yetu.

Wanaokukumbuka: mkeo Valérie, mdogo wako Lucien, wajukuu wako wote, na watoto wako Gentil, Joviale na Yannick. Gentil tumemwandika wa kwanza, kama kawaida.