Waya wa Diski Yako Ulikwenda Mzenga

Hamisi, mdogo wangu,

Nakuandikia hasira zikiwa bado hazijaniisha, na sina mwingine wa kumlalamikia, maana waliobaki wote wamo katika kosa lenyewe.

Hukuacha mke wala mtoto, basi baada ya arobaini Baba Mdogo akasimamia kugawa vitu vyako pale nyumbani Kisarawe. Unamjua alivyo: hataki mtu atoke mikono mitupu. Kompyuta akanipa mimi nije nayo Kibaha. Diski yako ya nje, ile nyeusi uliyokuwa ukihamishia kila ulichorekodi, akampa Mama. Mkoba akachukua mwenyewe. Mimi nilikuwa uani nikiaga wageni. Ningekuwa ndani ningesema kitu.

Mwezi uliopita Mama akaniita Kisarawe, nikaenda na kompyuta. "Sura yake naiona nikifumba macho," akasema, "lakini sauti inanitoka. Niwekee yale maulidi aliyosoma."

Simu yako ilipotelea hospitali, kwa hiyo sauti yako imebaki ndani ya diski hiyo tu. Nikamwambia ni kazi ya mara moja.

Nikaichomeka kwa waya wa kuchajia simu, kwa kuwa ndio niliokuta umefungwa nayo. Taa ikawaka. Kompyuta kimya, kama haijachomekwa kitu. Nikabadilisha tundu. Nikazima, nikawasha. Nikafungua ukurasa unaoonyesha diski zote, hata mbovu: haimo. Nikaweka sikio, nikaisikia inazunguka. Mama yuko mkekani: "Mwalimu mzima, umesomesha watoto wa watu fizikia, kidude kinakushinda?"

Nikaja nayo Kibaha. Fundi mmoja pale Maili Moja aliigeuza mara moja tu. "Imekufa hiyo, mzee." Mwingine alishashika bisibisi, nikamnyang'anya.

Ndipo nikakaa kufikiri, kazi ambayo nilipaswa kuanza nayo. Tundu la diski ile ni pana, lina sehemu mbili. Kichwa cha waya wa simu ni chembamba. Kinaingia sehemu moja, na kila mtu anaona kimeenea. Lakini nyaya nyingi za kuchajia zina nyuzi za umeme tu. Zile za kupitisha taarifa hazimo. Umeme unafika, taa inawaka, diski inazunguka, ila haina njia ya kufikisha ilichonacho. Haikuwa imekufa hata kidogo.

Nikampigia Baba Mdogo: waya wa diski uko wapi, ule mfupi wenye mdomo mpana?

"Ah, ule nilimpa shangazi yenu wa Mzenga. Alikuwa hajapata kitu."

Hamisi, walimpa mtu kinu, mchi wakampa mwingine, wakapiga dua wakatawanyika.

Nikampigia Shangazi. Akakataa. "Hiki ndicho alichoniachia mwanangu. Kikitoka hapa hakirudi, nawajua nyie." Nikamweleza taratibu kazi ya waya, kama ninavyokueleza wewe. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, baba. Basi leteni hiyo diski."

Juzi nikampitia Mama, tukakodi gari mpaka Mzenga, kompyuta nimeipakata. Barabara ile baada ya mvua unaijua. Shangazi akautoa waya sandukuni, ameuviringa ndani ya khanga na kuufukiza udi. Nikachomeka. Diski ikatokea papo hapo, na jina ulilolipa mwenyewe: Mali ya Hamisi Msiguse. Karibu niirushe nje.

Nikakufungulia, ukasoma. Mama akainamisha kichwa. Shangazi akataka kuitikia, Mama akamzuia kwa mkono. Ulipofika katikati akasema kwa ukali wake uleule, "Anakimbiza. Kila siku namwambia asikimbize." Akanigeukia. "Rudisha mwanzo." Tukarudisha, tukarudisha tena, mpaka chaji ikaisha.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshanakili kila kitu. Waya nimemwachia Shangazi, na diski pia. Mama mwenyewe ndiye aliyesema visiachane tena. Baba Mdogo sijazungumza naye. Nitazungumza naye, lakini si wiki hii.

Pumzika, mdogo wangu, Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi kila nyumba yetu itakuwa na nakala ya sauti yako, na siku Mama atakapotaka kukusikia, nitakuja Kisarawe siku hiyohiyo nikuwashe, hata kama ni ili akugombeze tu.

Kaka yako,
Salumu