Ndiyo Baba, Sawa Mama

Segese, Msalala,
Agosti.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia na baridi ya Wundanyi imepungua makali. Nisalimie kaka Edson na wanawe, na mwambie kununa si kazi, tangu Juni hajibu ujumbe wangu. Mimi ni mzima wa mwili. Nimenenepa kwa matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo Wasukuma humshindilia mgeni hata kama ameshiba.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Sababu ipo, ila niache niifikie taratibu.

Darasa langu la viziwi lilinipokea kwa kicheko, maana alama nilizojifunza Kenya si zao, kwa hiyo mwalimu wa kujitolea alianza kwa kufundishwa. Walimu wenzangu nao hunitania kwamba Kiswahili changu kina ngumi. Anayewaongoza wote darasani ni Asteria, binti wa miaka kumi na mitano, ambaye mwezi ujao anafanya mtihani wa darasa la saba. Akifaulu ataenda sekondari ya bweni yenye walimu wa viziwi. Akiukosa, ndiyo basi tena.

Mwezi uliopita baba yake, mzee Ndaki, alisema anamtaka karashani. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ngurumo yake hutetemesha meno. Wenye karasha huku wanapenda vibarua viziwi: wanasema kelele haziwaumizi, na siri ya mawe ya fulani kutoa dhahabu haivuji. Mzee Ndaki si mtu mbaya. Ana karasha moja tu, na aliona Mungu amempa mtoto anayeifaa. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Maganga, akaniomba niende nikamsihi.

Nilimkuta mashine inanguruma. Nikasema yangu yote, naye akanijibu kirefu, kwa upole, akinitazama usoni. Nikawa naitikia kwa kichwa. Akauliza jambo, nikasema ndiyo baba. Akauliza tena, nikasema sawa, nashukuru. Akanipa mkono, mkewe akanifungia kuku, nikarudi shuleni nikitangaza kwamba mzee amekubali.

Jumatatu Asteria hakuja, wala Jumanne. Maganga alipompigia simu, mzee Ndaki alishangaa sana. Alisema alimweleza mwalimu Mkenya kwamba binti anaacha shule, akamuuliza mara mbili kama ameridhika, na mwalimu akaridhika mpaka akapokea na kuku.

Mama, sikuwa nimesikia hata neno moja, na si kwa ajili ya karasha peke yake. Masikio yangu yanakufa. Daktari wa Shinyanga alinipima akasema sikio la kushoto limekwisha, la kulia liko njiani, na dawa hakuna. Nimekuwa nikificha kwa kutazama midomo ya watu na kuitikia. Watoto ndio waliogundua kwanza. Siku moja sufuria lilianguka nyuma yangu, mpishi akaruka, mimi sikugeuka. Wakatazamana. Tangu siku hiyo wakinitaka hunigusa bega, kama wanavyogusana wao kwa wao.

Nilirudi kwa mzee Ndaki, nikamwomba azime mashine. Nikamwambia mimi pia ni kiziwi, sikusikia aliloniuliza, na niliona haya kusema. Nisikufiche, mama, nilitamani ardhi inimeze. Mtu niliyekuja kumsemea mtoto kiziwi, nilikuwa nimemuuza kwa sababu ya kuuonea haya uziwi wangu mwenyewe.

Mzee akamwita Asteria. Akazungumza naye kwa ishara za nyumbani kwao ambazo sikuwahi kujua kwamba anazo. Asteria, mikono imejaa vumbi la mawe, akanigeuzia kwa alama za darasani: baba anasema mapatano na mtu ambaye hakusikia si mapatano, tuanze upya. Tukaanza upya, binti akiwa katikati yetu, na mara nyingine alibishana na baba yake kwanza ndipo akanitafsiria. Mzee amemwachia mpaka mtihani upite. Ya baadaye hakuahidi. Kuku alikataa nimrudishie.

Maganga ameniacha niendelee kufundisha. Shirika lililonileta nitaliandikia nikishakuandikia wewe, na likitaka kunirudisha nitabishana nalo.

Sasa, mama, linaloninyima usingizi ni hili. Tangu Pasaka simu zako zote nimeziitikia vivyo hivyo: ndiyo mama, sawa mama, Mungu ni mwema. Nilisikia kwamba ni sauti yako, ikanitosha. Maneno sikuyapata. Mwezi wa Juni ulipiga mara nyingi kwa siku moja, ukasema kitu kirefu, ukanyamaza. Nikadhani umenitania, nikacheka. Hujapiga tena, na Edson naye ndipo alipoacha kunijibu.

Umeona sikumtaja baba katika salamu zangu za juu. Nilipowaaga alikuwa mgonjwa kitandani. Ningeweza kuuliza kwa ujumbe mfupi, lakini naogopa jibu linalofika haraka. Niandikie wewe, kwa mkono wako, nilikubali nini siku ile, na nilicheka nini. Kama nimekosa, nisamehe, mama. Sikujua.

Wasalimie kina mama wa kwaya na majirani wote wanaoniulizia. Na baba, kama bado yupo, mpe shikamoo yangu.

Ni mimi binti yako,
Rhoda