Waya wa Banda la Kuku

Jumanne, Kiamunyi

Sijawahi kumwambia mtu: waya uliopotea kwenye banda la kuku niliuchukua mimi. Niliuzungusha kwenye msumari mrefu, nikaukata kuwa pete ndogondogo, sasa nazifuma ziwe vazi la chuma kama la askari wa zamani. Nimefika mabegani. Vidole vinauma.

Leo fundi aliyejenga banda, ambaye Mama anaamini ndiye mwizi, amekuja kuomba kazi.

"Mathe, hata ya siku moja."

"Si ulikula waya yangu? Basi shiba na hiyo."

Fundi akageuka, akaniuliza shule iko aje. Nikasema poa. Poa tu, na mimi ndiye...

Nimechoka.

Nasikia slipa za Mama zikija. Huwa nafunika daftari hili kwa blanketi. Leo sifuniki.