Mamba wa Ngazini

Jumatatu, 3 Machi
Miguu imevimba. Nafanya usafi ofisi hizi mwaka wa kumi na tisa, leo ndiyo mara ya kwanza ngazi zake zinanipendeza. Binti yangu, kitinda mimba, amezichora mamba kwa chaki! Ukipanda, mistari tu. Ukisimama getini – mamba mzima, mkia chini, kinywa wazi juu, mlango ndio koo. Kipaji hicho hajakitoa kwa baba yake. Msimamizi karuhusu: nisipige deki ngazini mpaka Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Mgongo. Mlinzi analalamika, eti mama, mwanao kaniharibia kazi, watu wanaruka meno, vitambulisho hawaonyeshi. Nikamwambia ngoja asome, atakuchora na wewe. Bosi wa ghorofa ya tatu, asiyesalimia mtu – nimemwona akiruka. Na tai yake.

Alhamisi, 6 Machi
Walimu wa chuo cha sanaa wanakuja kesho saa tatu. Picha za simu hawataki, wanataka kuuona mchoro ulipo. Nafasi ya kusoma kwao imebaki moja. Binti hali chakula. Ananiuliza, mama, wakisema si kitu? Nikasema nitawapokea na ufagio. Akacheka kidogo. Nimechoka hata kuvua viatu.

Ijumaa, 7 Machi, asubuhi
Naandika nimekaa ngazini, daftari gotini.
Ngazi zilijaa vumbi. Wageni wa mwanangu wapite kwenye vumbi, mimi nipo? Nikasema sipigi deki, nafagia tu. Lakini mimi sifagii pakavu, nanyunyiza maji kwanza vumbi lisiruke. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ndoo. Nilianza juu, kama siku zote. Ngazi ya sita ndipo nikaona maji meupe yanateremka.
Mkia upo. Kichwa hakipo.
Mlinzi kaniletea chaki. Chora mama, chora tu, anasema. Nimechora meno. Yamekaa kama kitana. Ngazi bado mbichi, chaki inateleza. Jicho sikuthubutu.
Binti kapiga simu: tumeshashuka kwenye gari, tunakuja kwa miguu. Walimu wameuliza kama mamba bado yupo. Nimewaambia mama yangu anamlinda.
Nikasema haya, mwanangu. Basi, nikakata.
Nawaona getini. Walimu watatu, na yeye mbele yao, anatembea kinyumenyume, amewanyooshea mikono – wasitazame kwanza mpaka awaambie.